Barua kwa Mwanangu: Lile Gari Nyuma ya Nyanya Yako

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Nakuru. Sisi ni wazima, mvua imeanza. Picha uliyonitumia nimeipata na nimeikuza kwenye simu mpaka macho yakaniuma. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, lile gari lililo nyuma ya marehemu Nyanya pale Lugari ni gari gani? Mjomba wako anashikilia kuwa ni Peugeot 504, kwamba picha ilipigwa mwaka wa Uhuru, na kwamba kitoto alichobeba Nyanya ni yeye. La pili, umeuliza mbona mimi na wale wazee wa Jumamosi hukaa mchana kutwa tukibishania bampa la gari ambalo mwenyewe alishaliuza kwa kilo kama chuma chakavu. Nitayajibu yote mawili kwa pamoja, kwa sababu picha hii yenyewe inaonyesha kwa nini tunabishana.

Gari ni Peugeot 404, saluni. Si 504. Tazama sehemu ya nyuma, pale juu ya taa: bodi imeinuka ikafanya pezi dogo. 504 haina pezi. Buti la 504 saluni limekunjika katikati kisha likateremka, na ukishaliona mara moja hulisahau. Isitoshe, 504 ilitoka kiwandani Ufaransa mwaka wa 1968. Mjomba akisema gari ni 504, na papo hapo aseme mwaka ni 1963, maneno yake mawili yanapingana. Mwambie hivyo kwa upole, ni kaka yangu mkubwa na alinilipia karo.

Naelewa alikoitoa 1963, lakini. Mwaka huo 404 ilishinda Safari Rally, na magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Mengine yote yaliishia njiani. Ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Ndiyo maana huku kwetu mtu akipata pesa za gari alitaka Pijo, yaani Peugeot. Watu hawakuhitaji tangazo. Walikuwa wameliona likipita huku mengine yamekwama. Nadhani mjomba alisikia habari za 404 na mwaka wa Uhuru zikisimuliwa pamoja tangu utotoni, zikashikana kichwani mwake.

Ubishi wenyewe haukuwa juu ya 504. Nilipowaonyesha wazee picha Jumamosi iliyopita, kule nyuma ya gereji, mmoja wao aliyeendesha lori la Bedford miaka mingi alisema bila kusita, "Hiyo ni Austin Cambridge." Wengine wakanyamaza, kwa sababu hoja yake ilikuwa na uzito. Bodi ya Austin ile, na ya ndugu yake Morris Oxford, ilichorwa na Pininfarina wa Italia, na Pininfarina ndiye aliyeichora 404. Magari hayo yalitoka karibu wakati mmoja, Austin na Morris 1959, Peugeot 1960. Ukisimama ng'ambo ya barabara hutofautishi. Hata injini zao karibu zilingane: ukubwa wa ya 404 ni cc 1618, na ya Austin ya kuanzia 1961 ni cc 1622. Ungeweza kufungua boneti ubishi ungeisha papo hapo, maana injini ya Peugeot imelazwa upande, digrii 45, wakati ya Austin imesimama. Lakini picha haifunguliwi boneti.

Basi tukarudi kwenye mkia. Austin za kwanza zilikuwa na pezi refu lenye ncha, lakini 1961 likapunguzwa, kwa hivyo urefu wa pezi peke yake hautoshi kumaliza kesi. Nikawaambia wakuze picha pale kwenye ukingo wa buti, karibu na kiwiko cha Nyanya. Kuna kitu kinang'aa. Ukitulia unaona sifuri na nne. Tarakimu ya kwanza imefichwa na leso. Sasa, nitakueleza baadaye kwamba nembo husema uwongo, lakini sijawahi kuona mtu akibandika namba za Peugeot kwenye Austin. Mzee wa Bedford akaitazama tena, akasema, "Haya, mama, ni Pijo," na akaniagizia chai.

Wewe umenikuta nikiwa karani wa hesabu, kwa hivyo hujui vizuri kwamba kabla hujazaliwa nilikuwa nyuma ya kaunta ya duka la spea hapa mjini. Nilianza nikiwa msichana, wakati matatu nyingi zilikuwa bado pikapu zenye benchi mbili, abiria wakitazamana magoti kwa magoti. Wateja walitoka Molo, Njoro, Londiani, Rongai. Hawakuja na jina la kitu. Walikuja na kitu chenyewe, kimefungwa kwa gazeti au gunia, kikichuruzika oili, wakakiweka juu ya kaunta na kusema, "Nipe kama hii." Kazi yangu ilikuwa kujua hiyo imetoka kwenye gari gani, la mwaka upi, kwa kukigeuza tu mkononi.

Siku moja mzee wa Mau Summit alinifungulia karatasi ya sigara. Ndani yake mlikuwa na kipande cha kaboni kidogo kuliko ncha ya kidole, kimelika upande mmoja, na springi yake nyembamba. Fundi wa pale dukani akacheka akidhani ni cha dainamo. Mimi nikamuuliza mzee kama gari lake huchemka akipanda mlima. Akashtuka, "Umejuaje?" 404 ina feni inayowaka na kuzima yenyewe kwa sumaku ya umeme: injini ikiwa baridi feni haizunguki, injini ikipata joto kaboni inapeleka umeme, sumaku inashika, feni inaanza kazi. Kaboni ikiisha, feni hubaki imelala, na ukifika Mau maji yanachemka. Mafundi wengi hawakutaka usumbufu huo. Walikaza skrubu zake tatu mpaka feni ikazunguka wakati wote, petroli ikaliwa zaidi, na maisha yakaendelea. Lakini yule mzee alitaka gari lake liwe kama lilivyotoka dukani. Nilimpenda kwa hilo. Mpaka leo nikiona 404 popote, kitu cha kwanza ninachotaka kujua ni kama feni yake bado inazima.

Hapo utaona kwa nini hatutambui gari kwa nembo wala kwa rangi. Vitu vinavyofunguliwa kwa spana moja huhama kutoka gari moja hadi lingine: grili, bampa, vifuniko vya magurudumu, vioo vya pembeni, nembo. Taa nazo hudanganya. Watu husema 504 ni ile yenye taa za pembe pembe, na 404 ni ile ya taa za duara. Lakini pikapu za 504 na zile stesheniwagoni za bei nafuu zilikuwa na taa za duara pia, na ndizo zilizojaa huku kwetu. Hata mbwembwe za mashindano zinapoteza watu. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho hapa karibu, alishinda Safari 1965 na Volvo, kisha 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer, na baada ya hapo kila kijana mwenye Lancer ya kawaida alipaka boneti rangi nyeusi na kufunga taa nne mbele. Leo mtu anatuletea picha ya gari la baba yake akiapa lilikuwa la mashindano. Tunatazama kwanza yale yasiyobadilishwa kirahisi: mkunjo wa bati, umbo la dirisha, mahali paa linapokutana na nguzo ya mlango. Volkswagen ile ya mviringo, kwa mfano, dirisha lake la nyuma lilikuwa vipande viwili mpaka 1953, likawa kama yai mpaka 1957, halafu likawa pana la mraba. Hakuna fundi wa jua kali atakayekata bati la nyuma ili kumdanganya mjukuu wako.

Sasa nirudi kwa picha, maana jambo kubwa hukuliuliza. Umeliona gari la pili?

Upande wa kushoto, nyuma ya ua la miti, kuna pua ya Land Rover. Sisi wote tulikuwa tumeshughulika na Pijo, tukaipita. Mmoja wetu, aliyekuwa fundi wa magari ya serikali, ndiye aliyeiona. Land Rover za zamani taa zake kubwa zilikaa ndani, zimebanana na grili katikati. Mwaka wa 1968 na 1969 ndipo taa zilipoanza kuhamishiwa nje, kwenye madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu. Hii ya kwenye picha taa yake iko kwenye digadi, inaonekana wazi kabisa, na chini yake namba inaanza na GK. Ni gari la serikali.

Kwa hivyo picha haiwezi kuwa ya 1963. Kama gari lingekuwa 404 peke yake, mjomba angekuwa na haki ya kushikilia mwaka wake, kwa kuwa 404 zilikuwepo. Land Rover ndiyo inayomnyang'anya. Ila sikiliza vizuri: gari linakwambia picha haikupigwa kabla ya lini. Halikwambii ilipigwa lini. Land Rover ya 1969 iliweza kuwa inatembea Lugari 1980, na 404 ndiyo usiseme. Pikapu zake ziliendelea kuundwa hapa Kenya mpaka 1991. Watu wanaoanza kutambua magari huanguka hapo. Wanajua mwaka wa gari, wanadhani wameujua mwaka wa picha.

Mwisho wake tunaupata kwa Nyanya mwenyewe, na hapo wazee hawawezi kunisaidia. Nyuma yake ni nyumba ya nyasi. Nyumba ya mabati ilijengwa nikiwa darasa la kwanza, nakumbuka vumbi la saruji na kelele za misumari. Kwa hivyo tuko kati ya 1968 na 1975 hivi. Mjomba wako alikuwa mvulana wa kuchunga ng'ombe wakati huo, hakuna aliyembeba. Kitoto kile ni mimi, au ni mama yako mdogo anayenifuata. Siwezi kujitambua, na sitaki kujitia hamnazo nikadai ni mimi kwa sababu napenda iwe hivyo. Lakini sina picha yangu nyingine ya utotoni, unajua hilo. Sasa umeelewa kwa nini niliikodolea macho taa ya Land Rover usiku ule badala ya kulala.

Na kuna hili linalonisumbua zaidi. Sisi hatukuwa na gari. Babu yako alikuwa na baiskeli. Boma letu lilikuwa mbali na barabara, na siku hiyo yaliingia magari mawili, moja la mtu mwenye uwezo na moja la serikali, na akawepo mtu mwenye kamera. Siku kama hiyo haikuja bure. Ulikuwa ubatizo? Matanga? Afisa wa mashamba alikuja kupima mipaka? Nyanya amevaa leso mpya, mikunjo ya dukani bado inaonekana, kwa hivyo alijua wageni wanakuja.

Nyanya yako mdogo aliye Turbo bado ana kumbukumbu nzuri. Naomba umwendee, maana kutoka Kisumu ukipitia Kapsabet si mbali sana kwako. Usimuulize picha ni ya mwaka gani; atakutajia mwaka wowote ili kukufurahisha. Muulize ni nani alikuwa na gari jeupe lenye mkia, na yule wa Land Rover ya serikali alifuata nini kwetu. Muulize leso ile ilinunuliwa kwa sababu gani. Na mkiwa bado na picha yenyewe ya karatasi, igeuze uniambie kama nyuma ina muhuri wa studio, kwa sababu simu yako ilipiga upande mmoja tu.

Mpigie kwanza asubuhi mapema kabla hajaenda shambani. Mimi nitaichapisha kubwa hapa mjini niwapelekee wazee Jumamosi. Mzee wa Bedford anasema kwenye simu haoni vizuri, na bado ana swali kuhusu magurudumu.

Mama yako