Maswali ya Wasomaji: Kanuni ya Imani

SWALI: Ndugu mhariri, Wakatoliki hukiri Roho Mtakatifu "atokaye kwa Baba na Mwana". Waorthodoksi huishia "atokaye kwa Baba". Wote husema ni imani ya Nisea. Nani kaongeza, nani kapunguza?

JIBU: Walioongeza ni Wakristo wa Magharibi. Ila tuanze na jambo linalowapita wengi: katika maneno hayo hakuna hata moja lililoandikwa Nisea. Kanuni ya mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Nisea wa mwaka 325 ilipomfikia Roho ilisema tu "na kwa Roho Mtakatifu", kisha zikafuata laana dhidi ya wafuasi wa Ario, padri aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa. Kilichokuwa kinagombaniwa wakati ule ni Mwana: je, aliumbwa? Baadaye wakatokea waliokubali umungu wa Mwana huku wakimshusha Roho, na kanuni inayohusishwa na mtaguso wa Konstantinopoli wa 381 ikawajibu kwa maneno "Bwana, mleta uzima, atokaye kwa Baba". Msingi wake ni Yohana 15:26.

"Na Mwana" kwa Kilatini ni neno moja, Filioque. Mtaguso wa Toledo, Hispania, wa 589, mfalme wa huko Reccared alipokwisha kuuacha Uario, ulifundisha kwamba Roho hutoka kwa Baba na Mwana: ukimpa Mwana kila alicho nacho Baba, huachi mwanya wa kumfanya mdogo. Nyongeza ikaenea hadi kwa Wafranki, watu wa Ufaransa na Ujerumani ya leo. Papa Leo III aliyakubali mafundisho yenyewe lakini akakataa kuigusa kanuni. Aliagiza ichongwe kwenye mabamba ya fedha, kwa Kigiriki na Kilatini, bila nyongeza. Roma ilikuja kuiimba kanuni katika misa mwaka 1014, kwa ombi la Kaisari Henry II, na nyongeza ikiwamo.

Ugomvi ulikolezwa na lugha. Kitenzi cha Kigiriki kilichotumika, ekporeuesthai, wanateolojia wa Mashariki walikishika kwa maana ya kutoka kwenye chanzo cha kwanza. Kilatini procedere ni kipana, kama "kutoka" kwetu: maji hutoka kwenye chemchemi, na hutoka pia kwenye bomba. Mlatini akisema "na Mwana", Mgiriki husikia chemchemi mbili. Kwa maoni yetu, kosa kubwa la Magharibi lilikuwa kubadili andiko la Kanisa zima bila mtaguso wa wote.

SWALI: Je, ni kweli Utatu ulibuniwa na Konstantino?

JIBU: Hapana. Teofilo wa Antiokia alitumia neno "utatu" mnamo 180, na Tertuliano akaliandika kwa Kilatini miongo michache baadaye. Kaisari Konstantino aliitisha mtaguso wa Nisea, lakini mwaka 337 alibatizwa na Eusebio wa Nikomedia, aliyekuwa mtetezi wa Ario. Mwanawe Konstansio aliwabana watetezi wa Nisea, na mwaka 359 maaskofu waliokusanyika Rimini walishinikizwa kutia saini tamko lililopiga marufuku neno ousia, yaani "asili", katika kumzungumzia Mungu.

Lakini anayedai hakuna kilichobadilika naye akasome upya. Laana za 325 zinamhukumu anayesema Mwana ni wa "hypostasis au ousia nyingine" tofauti na Baba, maneno hayo mawili yakiwa kama kitu kimoja. Kufikia 381, Basili na wanateolojia wenzake wa Kapadokia walikuwa wameyatenganisha: ousia moja, hypostasis tatu, tunazoziita nafsi. Ukilisoma andiko la 325 kwa maana za 381, Basili mwenyewe ataonekana mzushi! Basi, kabla ya kuhukumu andiko lolote la kale, tazama limeandikwa mwaka gani, kwa lugha gani, na mwandishi alikuwa akimpinga nani. Hilo la tatu ndilo husahaulika zaidi, nalo ndilo hueleza kwa nini neno fulani limekaziwa na jingine limeachwa.

SWALI: Wakopti husema Kristo ana asili moja. Je, wanakana ubinadamu wake?

JIBU: La. Wakopti, Wakristo wa asili wa Misri, wanamkataa Eutike, mtawa aliyeshutumiwa kwa kuumeza ubinadamu ndani ya umungu. Wanashika kauli ya askofu Sirili wa Aleksandria, "asili moja ya Mungu Neno iliyofanyika mwili". Mtaguso wa Kalsedonia wa 451 ulisema "katika asili mbili". Wao wangeridhika na "kutokana na asili mbili", yaani mbili zilizoungana kuwa moja. Mwaka 1973 Papa Paulo VI wa Roma na Papa Shenouda III, mkuu wa Wakopti, walitia saini tamko la pamoja kwamba Kristo ni Mungu kamili na mtu kamili.