Kumfundisha mhudumu wa afya tiba ya mazungumzo: anza na stadi moja

Wauguzi na madaktari ninaowafundisha huuliza jambo moja kabla ya yote: muda watautoa wapi? Wana haki. Mwenye foleni ndefu mlangoni hawezi kuketi na mgonjwa mmoja saa nzima. Kwa hiyo usiwamwagie nadharia. Chagua stadi moja itakayoingia katika dakika zile zile za kupima presha na kuandika dawa.

Mimi huanza na kusikiliza kwa kurudisha, yaani kumrudishia mgonjwa kwa maneno yako kile ulichosikia. Mgonjwa wa kisukari anasema, "Nimechoka na hizi sindano." Aliyezoea kushauri atamjibu papo hapo, "Usipochoma utapata madhara." Anayejua kurudisha atasema, "Naona zimekuelemea," kisha atanyamaza. Katika ukimya huo mgonjwa hutoa la moyoni: pengine anaficha ugonjwa wake kazini, pengine anaogopa sukari kushuka usiku. Dawa ile ile, kipimo kile kile, lakini sasa unajua kwa nini haitumiki. Utafiti wa Beckman na Frankel wa mwaka 1984, uliofanyika Marekani, ulikuta madaktari wakiwakatiza wagonjwa baada ya sekunde 18 kwa wastani. Takwimu hiyo huwagusa wanafunzi wangu kuliko hotuba yoyote.

Fundisha kwa kuigiza, watatu watatu: mgonjwa, mhudumu na mtazamaji. Mtazamaji asitoe alama. Aandike maneno yaliyosemwa. "Alipoanza kulia ulimwambia asijali" ni mrejesho unaofanyiwa kazi. "Ulijitahidi" haumsaidii mtu. Mwanzoni usimchanganye daktari bingwa na wauguzi walio chini yake, maana hakuna atakayethubutu kumwambia kweli.

Kabla hawajagusa mgonjwa, wafundishe kuuliza waziwazi kuhusu kujiua. Wengi huogopa kwamba swali litampandikizia mtu wazo hilo. Sivyo. Na wawe wanajua ni nani wa kumpigia simu jibu likiwa ndiyo.

Sasa nije kwenye ninalolisisitiza kuliko yote: semina ya siku mbili peke yake haitoshi. William Miller, aliyeasisi mahojiano ya kuhamasisha (mazungumzo ya kumsaidia mtu aone mwenyewe sababu za kubadilika), alichapisha na wenzake mwaka 2004 matokeo yaliyoonyesha kuwa waliopata mrejesho na maelekezo baada ya warsha walidumisha stadi vizuri kuliko walioachwa wenyewe. Hata PM+ (Problem Management Plus) ya Shirika la Afya Duniani, tiba ya mazungumzo ya vikao 5 inayotolewa na wasio wataalamu wa afya ya akili, inataka usimamizi wa mara kwa mara. Basi kubaliana kwanza na mkuu wa kitengo kuhusu kikao cha kila wiki, tena ndani ya zamu, siyo baada yake. Akikataa, mimi huahirisha mafunzo.

Katika kikao hicho usiombe habari za mafanikio. Kila mmoja alete mgonjwa mmoja aliyemshinda, aeleze alichosema na alichojibiwa, kisha waigize upya sehemu ile ile.