Safari Rally: maswali yenu, na lile moja nisilotaka kuliona tena

Kila Pasaka ikikaribia barua za Safari Rally, mbio zetu za magari za masafa marefu, hufurika. Nimechagua zilizonipa hamu ya kujibu. Waliouliza bei ya tiketi na vyumba vya kulala Naivasha watanisamehe, mimi si karani wa hoteli. Na ombi la kila mwaka: mkimtaja dereva, mtajeni na mwelekezi wake, yule wa kiti cha pembeni anayemsomea njia na kuhesabu muda. Hajakaa pale kupunga upepo.

Nani alishinda Safari ya kwanza kabisa, mwaka 1953? Mimi naona mtandaoni ni Alan Dix, rafiki yangu anabisha.

Rafiki yako yuko sawa, na hili ndilo swali nisilotaka kuliona tena. Hakukuwa na mshindi wa jumla mwaka 1953. Magari yalipangwa katika makundi kwa kufuata bei yake dukani, na kila kundi likawa na mshindi wake. Alan Dix na Johnny Larsen walitamba katika kundi lao wakiwa na Volkswagen Beetle. Baadaye watu wa kutengeneza orodha, ambao hawapendi kuona mstari mtupu, wakamweka Dix juu kabisa, na tangu hapo kila mtu ananakili. Ukitaka mshindi wa kwanza wa jumla, nenda 1954: Vic Preston na D.P. Marwaha, nao pia kwenye Beetle. Mwaka uliofuata wakarudia, safari hii na Ford Zephyr.

Na angalieni huo mpango wa bei. Maana yake ni kwamba gari la kushindana lilikuwa lile lile la kwenda nalo kazini Jumatatu. Mkishaelewa hilo, nusu ya maswali mnayoniletea yatajijibu yenyewe.

Ni kweli ilianzishwa kwa ajili ya Malkia?

Jina, ndiyo. Iliitwa East African Coronation Safari, ikaanza tarehe 27 Mei 1953 na kumalizika 1 Juni, siku moja kabla Elizabeth hajatawazwa London. Lakini wazo lilitoka kwa mtu aliyechoka kuzunguka. Eric Cecil alimtaka binamu yake, Neil Vincent, ashiriki mbio za uwanjani; Vincent akamjibu kwamba hakuna kinachochosha kama kuzunguka kipande kile kile cha barabara, ila kama kungekuwa na mbio za kuikata Afrika na kurudi, yeye yumo. Cecil akaenda kuyaandaa. Mwaka 1956 akayashinda mwenyewe, akiwa na Tony Vickers katika DKW.

Msiniletee simulizi za sherehe tupu, lakini. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari tangu Oktoba 1952, kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Kuna waliokuwa wanakimbizana kwa magari na kuna waliokuwa wanakimbizwa msituni, mwaka huo huo, nchi hiyo hiyo. Anayeandika historia ya Safari akaliruka hilo ameandika tangazo la biashara. Neno la kutawazwa liliondolewa kwenye jina mwaka 1960, na halikuliliwa na mtu.

Mimi niko Mwanza. Kwa nini Mtanzania ahangaike na mbio za Wakenya?

Ndugu yangu, hapo ndipo panaponiuma. Hazikuwa za Wakenya. Zilikuwa za Kenya, Uganda na Tanganyika tangu siku ya kwanza, na kwa miaka ishirini hivi gari lilivuka mipaka kama basi la abiria. Mwaka 1966 na 1967 kombe lilichukuliwa mara mbili mfululizo na Bert Shankland na Chris Rothwell kwa Peugeot 404, na Shankland alikuwa mtu wa Dar es Salaam. Waulize vijana wa Dar leo kama wamewahi kulisikia jina hilo. Watakutajia Ogier, Mfaransa wa siku hizi.

Uganda nayo imesahaulika. Shekhar Mehta, bingwa wa mabingwa wa mbio hizi, alizaliwa Uganda; Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972 ndipo akahamia Kenya. Kwa hiyo rekodi tunayojivunia Nairobi imetokana na fukuzo la Kampala. Katikati ya miaka ya 1970 njia zikakatwa zikabaki Kenya peke yake, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika. Magari yalitangulia kuachana kabla ya serikali.

Tuna Jumuiya tena, tuna lami hadi mpakani, na bado hakuna anayethubutu kupendekeza mkondo mmoja tu, yaani kipande kimoja cha mbio kinachopimwa muda, uvuke Namanga. Nimeshalisema mara nyingi hata mhariri amenizoea.

Nani ameshinda mara nyingi zaidi?

Mehta, mara tano: 1973, kisha 1979 hadi 1982 bila kupumzika. Zile nne za mwisho aliongozwa na Mike Doughty. Ile ya kwanza na Lofty Drews.

Nyongeza ambayo hukuuliza: ile ya 1973 aliipata kwa unywele. Yeye na Harry Källström wa Sweden, wote kwenye Datsun, walimaliza wakiwa na alama za adhabu ya kuchelewa sawasawa. Kanuni ikasema ushindi ni wa aliyefika mbali zaidi kabla ya kupoteza alama ya kwanza. Ikawa Mehta.

Nimesoma kwamba mwaka mmoja yalifika magari saba tu. Hii si chumvi?

Si chumvi, na si mwaka mmoja. Ni miwili: 1963 na 1968. Kila mara walianza zaidi ya themanini wakafika saba, na mara zote mbili walioshinda ni wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Waliofika hao waliitwa Saba Wasiozama.

Niwaeleze kilichokuwa kikitokea, maana vijana hufikiri magari yalikuwa mabovu. Pasaka huangukia masika. Barabara nyingi za wakati huo ni udongo mtupu, mwekundu au mweusi. Ule mweusi ukilowa hushika gurudumu mpaka tope linajaza nafasi yote chini ya madigadi na tairi linakataa kuzunguka. Dereva anashuka, anakwangua kwa mikono, anaingia, anakwenda mita hamsini, anashuka tena. Huku saa inahesabu. Mwelekezi ana kadi ya muda mapajani. Akichelewa kituoni kila dakika ni adhabu, na akipita muda wa mwisho ametolewa.

Tena barabara hazikufungwa. Ulikutana na lori la magunia, ng'ombe, na basi lililokuwa na haki zote za kuwa pale. Ndiyo maana magari yalifungwa vyuma vinene mbele na taa nyingi kama harusi. Baadaye yakaongezwa bomba la kuvuta hewa lililopanda hadi usawa wa paa, yapite mitoni bila injini kunywa maji. Ikaja pia helikopta ya kutazama mbele kama kuna mifugo.

Nilikuwa mtoto nilipopelekwa na baba kando ya barabara upande wa Molo, alfajiri, baridi ya kukata masikio. Tulisikia gari dakika nzima kabla ya kuliona. Kisha taa zikatokea juu ya kilima, zikazama, zikatokea tena, na lilipopita sikuona gari: niliona tope likiruka na uso mmoja wa mtu aliyeinamia karatasi chini ya kijitaa kidogo, hakuinua macho kabisa. Ndiyo sababu huwa nagombana nanyi kuhusu waelekezi.

Mbona wageni walishindwa muda mrefu hivyo, na sasa ni wao tu?

Wageni walianza kuja na pesa na mafundi mapema, lakini hawakuijua barabara. Erik Carlsson wa Sweden, mtu aliyetisha Ulaya nzima na Saab yake, hakuwahi kushinda hapa. Mgeni wa kwanza kushinda ni Hannu Mikkola wa Finland, pamoja na Gunnar Palm, Ford Escort, 1972. Huo ulikuwa mwaka wa ishirini!

Baada ya hapo viwanda vikaja na ndege, magari ya kufanyia mazoezi wiki nzima, na maghala ya vipuri. Ujuzi wa barabara ukawa kitu kinachonunuliwa. Mwenyeji wa mwisho kushinda Safari ikiwa duru ya dunia ni Ian Duncan na David Williamson, 1994, Toyota Celica.

Kwa nini hajawahi kushinda Mkenya halisi?

"Halisi" unamaanisha nini? Joginder Singh alizaliwa Kericho. Alishinda 1965 na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika na kuchoka, kisha 1974 na 1976 pamoja na David Doig, kwa Mitsubishi Lancer. Kama mtu wa Kericho si Mkenya basi nionyeshe ramani yako.

Ikiwa unauliza kuhusu Waafrika weusi, uliza hivyo waziwazi, na jibu ni pesa. Kuandaa gari la ushindani hakujawahi kuwa kazi ya mshahara. Patrick Njiru, alipopata gari la kueleweka, Subaru Impreza, alimaliza wa nne mwaka 1994, mbele ya watu wenye majina makubwa.

Wanawake je?

Pat Moss, wa tatu, 1962, kwa Saab. Michèle Mouton, wa tatu, 1983, kwa Audi Quattro, mwaka ambao Ari Vatanen alishinda na Opel. Hapo ni kwa jumla, si kwa kombe la akina mama. Wanaouliza kama "wanaweza" wamechelewa zaidi ya miaka sitini.

Safari ilikufa 2002 ikafufuka 2021. Nani aliiua?

Haikufa. Ilitolewa kwenye kalenda ya WRC, yaani Ubingwa wa Dunia wa Rali, baada ya 2002, mwaka ambao Colin McRae alishinda kwa mara yake ya tatu. Fedha na maandalizi vilikuwa vimelegea. Toka 2003 iliendelea kila mwaka kama duru ya Ubingwa wa Afrika. Carl Tundo alizishinda kadhaa miaka hiyo, Baldev Chager akachukua ya 2019. Kusema ilikufa ni kuwafuta wote waliolala chini ya magari wakifunga giaboksi bila kamera hata moja.

Ilirudi WRC Juni 2021, ikiwa imecheleweshwa mwaka mzima na korona, Ogier akashinda. Mwaka 2022 Toyota wakachukua nafasi zote nne za kwanza, Rovanperä mbele. Ni mbio nzuri. Vumbi la Kedong, huko Naivasha, laini kama unga, linazamisha tairi na kuziba injini, na mvua ikinyesha kidogo unaona sura ya Safari ya zamani. Lakini mikondo yote ya 2021 pamoja ilikuwa kama kilomita 320, za kuzunguka Naivasha hasa. Zile za zamani zilipita kilomita 5,000. Vincent angesema ni kuzunguka tu.

Kuna mtu ananiuzia Datsun ya zamani, anasema ilikimbia Safari. Ninunue?

Usinunue hadithi. Ngao zilizochorwa namba mlangoni hupakwa kwa nusu siku. Dai namba ya chesi ilingane na kitabu cha usajili, dai picha ya wakati ule inayoonyesha namba ya usajili, kisha mpeleke fundi anayejua kuchungulia viraka vya kuchomelea chini ya sakafu. Ukitaka kuzikimbiza hizo za zamani, kuna East African Safari Classic tangu 2003. Björn Waldegård, aliyeshinda Safari yenyewe mara nne, alizishinda hizo 2007 akiwa na mwanawe na tena 2011.

Mahali pazuri pa kusimama ni wapi?

Si nje ya kona. Kamwe si nje ya kona.

Babu yangu anasema alisukuma gari la Joginder likatoka topeni. Nimwamini?

Wakikusanywa wazee wote waliomsukuma Joginder, gari lile lisingegusa ardhi. Lakini muulize ni kilima gani, na viatu alivyovaa siku hiyo vilikwenda wapi. Akikumbuka viatu, kaa chini umsikilize, na umuulize pia aliyekuwa kiti cha kushoto alikuwa anafanya nini.