Mhitimu wa bayoinjinia anatakiwa ajue nini kazini? Jibu langu kutoka Kigoma

Mkuu, umeuliza mdogo wako anayemaliza bayoinjinia atatakiwa kujua nini akiajiriwa hospitali za mikoani. Mimi niko Kigoma, huu mwaka wa saba kwenye vifaa tiba, nitakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe.

Chuoni fani ni pana: tishu, viungo bandia, mawimbi ya moyo, hesabu za mtiririko wa damu. Huku ataitwa fundi. Asinune. Ataletewa otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa kwa mvuke) inayovuja mlangoni, mashine ya kufyonza isiyofyonza, na siku nyingine feni ya ofisini kwa mganga mfawidhi (mimi niliipata wiki ya kwanza).

Kuna kituo kimoja kando ya ziwa, unafika kwa boti. Walinipigia kwamba konsentreta ya oksijeni ya wodi ya watoto, mashine inayochuja oksijeni kutoka hewa ya kawaida, inalia alamu kila siku. Nikaenda, nikaifungua, nikasafisha vichujio, nikaiwasha: inatoa oksijeni ya asilimia 93. Nikarudi mjini kifua mbele. Kesho yake simu: inalia. Nikaifuata, nikaileta karakana, nikashinda nayo siku 2 nikiituhumu zeolaiti, zile punje zilizomo ndani ya silinda zake, zinazonasa naitrojeni na kuiachia oksijeni ipite. Nzima kabisa. Siku ya kuirudisha ndipo nikamuuliza nesi wa zamu swali nililotakiwa kuanza nalo: inalia saa ngapi?

"Saa moja jioni, kaka, watu wakishawasha taa."

Nikasubiri. Ilipofika saa moja, mita niliyoichomeka kwenye soketi ilishuka kutoka volti 230 hadi 165. Kompresa ikaanza kukoroma, mgandamizo ukaanguka, oksijeni ikateremka chini ya asilimia 82 na alamu ikalia, kama ilivyoundwa ilie. Kilichotakiwa pale ni stebilaiza tu, kifaa cha kutuliza volti zisipande wala kushuka. Nesi alikuwa na jibu tangu siku ya kwanza, hakuna aliyemuuliza.

Ndiyo maana nikiletewa mhitimu mpya simuulizi GPA. Namtuma wodini akae na manesi, aje aniambie mashine ipi inasumbua, saa ngapi, na anayeitumia huwa anaizima vipi. Wengi wanarudi baada ya nusu saa wakiomba bisibisi.

Sisemi nadharia haina kazi. Niliwahi kuitwa kwamba oksimita, kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu, "imekufa", mgonjwa ni mama aliyetoka harusini Ujiji. Kijana wa fildi niliyekuwa naye ndiye aliyetazama vidole: piko nyeusi hadi kwenye kucha. Oksimita inapitisha mwanga mwekundu wa nanomita 660 na infraredi wa 940, kisha inalinganisha damu imefyonza kiasi gani cha kila mmoja. Piko ikiumeza mwanga njiani, hakuna cha kulinganisha. Akaihamishia kidole cha mguu ambacho piko haikufika, namba zikatoka. Huyo fizikia yake aliielewa. Mimi nilikuwa tayari nimeshashika bisibisi.

Mengine kwa kifupi. Apime ethi (waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini) kabla hajachomeka chochote kinachomgusa mgonjwa, maana majengo mengi ya zamani soketi ina matundu 3 lakini waya wa tatu hauendi popote. Asome kibandiko cha nyuma: vifaa vya msaada kutoka Marekani vingine ni vya volti 110, ukivichomeka kwenye 230 zetu ni moshi. Na ajifunze kuandika ripoti ya ukurasa mmoja ambayo mhasibu ataielewa, la sivyo spea haitanunuliwa, na spea yenyewe inatoka Dar.

Programu za kuchora na kuiga mifumo alizosomea asizitupe, ila asitegemee kuzigusa mwaka wa kwanza.

Kama anatafuta pa kufanyia fildi, aje huku. Aje na mita yake lakini, ya karakana tunagombania watu wanne.