Mwanamke Ikulu: aliingiaje, na kiti chake kina nguvu gani?

Tangu Sanae Takaichi awe Waziri Mkuu wa Japani, Oktoba 2025, wasomaji hawajaacha kuniandikia kuhusu wanawake waliofika kileleni katika uongozi wa nchi. Wengine wanashangilia, wengine wanaguna. Nimechagua maswali machache, na yaliyokuwa marefu nimeyakata.

Mimi nasema mwanamke wa kwanza kuongoza nchi ni Indira Gandhi, mwenzangu anashikilia ni Margaret Thatcher. Tuamulie.

Nyote mmekosa, ila mwenzako amekosa zaidi. Tukiwaweka kando malkia, waziri mkuu wa kwanza mwanamke duniani ni Sirimavo Bandaranaike wa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Alishika madaraka Julai 1960. Indira alifuata 1966, Golda Meir wa Israeli 1969, na Thatcher alikuja 1979, wakati jambo lenyewe limeshazoeleka kwingine. Kwa cheo cha urais, wa kwanza ni Isabel Perón wa Argentina, 1974: alikuwa makamu wa mumewe, mume akafariki, akakalia kiti. Wa kwanza kupewa urais na wananchi wenyewe kwenye sanduku la kura ni Vigdís Finnbogadóttir wa Iceland, 1980.

Na akitokea mjuaji wa kuwabishia, mtajieni Khertek Anchimaa-Toka. Mwaka 1940 alikuwa mkuu wa nchi ya Tuva, nchi ndogo iliyoishi kwenye kivuli cha Wasovieti hadi walipoimeza 1944.

Ukichunguza, wengi wao ni wake za wakubwa au mabinti wa wakubwa. Hapo kuna ushindi gani wa wanawake?

Kwa Asia ya Kusini umesema kweli. Sirimavo alikuwa mjane wa waziri mkuu aliyepigwa risasi Septemba 1959. Indira alikuwa binti wa Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India. Benazir Bhutto wa Pakistani alikuwa binti wa waziri mkuu wa zamani Zulfikar Ali Bhutto, aliyenyongwa 1979 chini ya utawala wa kijeshi. Bangladesh ndiyo kiboko: kuanzia 1991 hadi Agosti 2024, ukiondoa vipindi vya serikali za mpito, waliopokezana uwaziri mkuu ni wanawake wawili tu. Khaleda Zia alikuwa mjane wa rais aliyeuawa, na Sheikh Hasina ni binti wa rais aliyeuawa.

Lakini jina linakufikisha mlangoni tu. Mtazame Indira. Vigogo wa chama cha Congress walimpitisha 1966 wakiamini watamwendesha watakavyo. Bungeni alikuwa hasemi sana, na mpinzani wake Ram Manohar Lohia akamwita mwanasesere bubu. Mwaka 1969 vigogo walewale walimfukuza chamani. Akaondoka na wabunge wengi, akaenda kwa wapiga kura 1971, akashinda kwa kishindo. Na bubu huyohuyo ndiye aliyetangaza hali ya hatari mwaka 1975, akawajaza wapinzani magerezani na kuyafunga magazeti midomo. Mazuri na mabaya yake yalikuwa yake, si ya baba.

Kuna upande mwingine ambao barua yako haikuugusa. Rajiv, mwanawe Indira, aliapishwa kuwa waziri mkuu siku ileile mama yake alipouawa, 31 Oktoba 1984. Sijapata kusikia mtu akiuliza huo ulikuwa ushindi gani wa wanaume. Urithi wa jina ni ugonjwa wa siasa, unawapata wote. Ukitaka waliopanda bila jina, Thatcher alikuwa binti wa mwenye duka la vyakula, na Angela Merkel alikuwa mwanafizikia, binti wa mchungaji, akaiongoza Ujerumani miaka 16.

Marekani wanaifundisha dunia demokrasia. Mbona hawajapata rais mwanamke, na Pakistani walipata waziri mkuu mwanamke tangu 1988?

Sisemi ubaguzi haupo, upo tele. Ila tazama kwanza njia ya kufikia kiti. Katika mfumo wa bunge, mwanamke anahitaji kuwashawishi wenzake chamani. Februari 1975 wabunge wa chama cha Conservative cha Uingereza walipiga kura: Thatcher 130, Edward Heath 119. Heath akajiuzulu uongozi, duru ya pili Thatcher akamaliza kazi. Kundi la wabunge wasiofika 300 ndilo lililomfungulia njia. Miaka minne baadaye chama kikashinda uchaguzi mkuu, naye akawa waziri mkuu. Takaichi naye alipita hukohuko: kura za chama kwanza, kisha bunge.

Marekani ni safari nyingine kabisa. Mgombea atafute fedha nyingi mno, apite kura za mchujo jimbo kwa jimbo, kisha ashinde kwa hesabu ya wajumbe wa majimbo, si kwa jumla ya kura. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa karibu kura milioni 3 na bado akashindwa. Kamala Harris alishindwa kwa hesabu zote mbili mwaka 2024.

Hata hivyo usiufanye mfumo kuwa kisingizio cha kila kitu. Jirani zao wa Meksiko nao humchagua rais moja kwa moja, na mwaka huohuo wa 2024 Claudia Sheinbaum alipata karibu asilimia 60. Mpinzani wake mkubwa, Xóchitl Gálvez, naye alikuwa mwanamke. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo katiba ya Meksiko ilikuwa imevilazimisha vyama kusimamisha wagombea wanawake sawa na wanaume katika uchaguzi wa bunge, kwa hiyo wanawake wenye uzoefu hawakuwa wa kutafutwa kwa tochi.

Afrika mwanamke hawi rais mpaka mwanamume afe. Nakosea?

Nusu umepatia. Kisa cha Malawi ndicho kinachofundisha zaidi. Joyce Banda alikuwa makamu wa Bingu wa Mutharika, wakakosana, chama kikamfukuza Desemba 2010. Akaunda chama chake. Rais hakuweza kumvua umakamu kwa sababu wananchi walikuwa wamewachagua wote wawili kwa kura moja, yeye akiwa mgombea mwenza. Mutharika alipofariki, 5 Aprili 2012, serikali haikukiri hadi tarehe 7. Katikati ya sintofahamu hiyo, mawaziri kadhaa waliwaita waandishi wa habari wakadai Banda hawezi kurithi kiti kwa kuwa ameshaanzisha chama cha upinzani. Aliyewasemea, Patricia Kaliati, naye ni mwanamke. Wanaodhani wanawake hubebana tu kwa kuwa ni wanawake wakalitafakari hilo. Mkuu wa majeshi akasimama upande wa katiba, na 7 Aprili Banda akaapishwa. Uchaguzi wa 2014 ulipofika aliambulia nafasi ya tatu.

Samia Suluhu Hassan alipita njia ya katiba vilevile: John Magufuli alifariki 17 Machi 2021, yeye akaapishwa tarehe 19. Uchaguzi wa Oktoba 2025, uliokuwa wake mwenyewe, tume ilimtangaza mshindi kwa karibu asilimia 98. Lakini Tundu Lissu wa CHADEMA alikuwa gerezani kwa kesi ya uhaini, mgombea wa ACT-Wazalendo alikuwa ameenguliwa, watu waliuawa katika maandamano, na waangalizi wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi haukufikia viwango vya umoja huo. Kipimo ni kilekile tunachowapimia wanaume, na mtu asipunguziwe alama wala kuongezewa kwa jinsia yake.

Nusu uliyokosea ni Liberia na Namibia. Ellen Johnson Sirleaf alimshinda George Weah katika duru ya pili mwaka 2005, hakumrithi marehemu yeyote. Netumbo Nandi-Ndaitwah alishinda Novemba 2024, upinzani ukapinga hadi Mahakama ya Juu, ukashindwa, akaapishwa 21 Machi 2025. Makamu wake ni mwanamke na Spika wa Bunge ni mwanamke.

Kwa nini mwanamke anapewa nchi ikiwa imeshaharibika?

Kwa sababu kiti kikiwa cha moto, wagombeaji wa kawaida hupungua. Iceland ilimpata Jóhanna Sigurðardóttir mwaka 2009, mabenki yake makubwa yakiwa yameanguka miezi michache kabla. Catherine Samba-Panza alikabidhiwa Jamhuri ya Afrika ya Kati Januari 2014, katikati ya mauaji. Theresa May aliachiwa mzigo wa kuiondoa Uingereza kwenye Umoja wa Ulaya.

Ila hakuna aliyeonewa kama Kim Campbell wa Kanada. Juni 1993 alirithi chama tawala kilichochokwa na kila mtu, na uchaguzi ulikuwa mlangoni. Oktoba chama kilitoka na viti 2. Ndiyo, viwili, kikiwa kimeingia na zaidi ya 150.

Wengine huokoa kitu. Sirleaf aliikuta Monrovia gizani tangu enzi za vita, na Julai 2006, miezi sita baada ya kuapishwa, taa za barabarani ziliwaka tena katika baadhi ya mitaa. Tawala nyingi hujisifia makubwa kuliko hayo na kuacha madogo zaidi.

Wanawake wakitawala, vita si vitapungua?

Muulize jenerali yeyote wa Argentina aliyemjaribu Thatcher visiwani Falkland mwaka 1982. Au Pakistani, iliyopigana na India ya Indira mwaka 1971 na kupoteza Bangladesh. Aung San Suu Kyi, mwenye Nobeli ya Amani, akiwa kiongozi wa serikali ya Myanmar, alikwenda kwenye mahakama ya kimataifa ya The Hague Desemba 2019 kuitetea nchi yake dhidi ya kesi ya mauaji ya kimbari ya Warohingya, Waislamu walio wachache huko. Tafuta sababu nyingine ya kumpigia mwanamke kura.

Rwanda wanawake wamejaa bungeni kuliko nchi yoyote. Mbona rais si mwanamke?

Bunge hugawanyika, kiti cha rais hakigawanyiki. Katiba ya 2003 ilitenga viti 24 kati ya 80 vya baraza la wawakilishi kwa ajili ya wanawake, na wengine hupita kwenye orodha za vyama. Mwaka 2013 walifika asilimia 64. Sheria ya namna hiyo huwezi kuiandikia kiti kimoja, tena kilichokaliwa na Paul Kagame tangu 2000. Rwanda imewahi kuwa na waziri mkuu mwanamke, Agathe Uwilingiyimana. Wanajeshi walimuua 7 Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakianza.

Kuna nchi ambako mwanamke kuongoza si habari tena?

Iceland, nadhani. Tarehe 24 Oktoba 1975 wanawake wapatao tisa katika kila kumi waligoma siku nzima: kazini hawakwenda, jikoni hawakuingia, watoto hawakuwalea. Akina baba walibeba watoto kwenda nao ofisini, soseji zikaisha madukani kwa kuwa ndicho walichoweza kupika, na watangazaji wa redio wakasoma habari huku watoto wakisikika nyuma yao. Miaka mitano baadaye akachaguliwa Vigdís, aliyekuwa akimlea binti yake peke yake bila mume, akakaa miaka 16. Urais wa huko hauna nguvu kubwa, hilo niliseme wazi. Serikali iko mikononi mwa waziri mkuu. Ila sasa na huyo ni mwanamke, Kristrún Frostadóttir, tangu Desemba 2024.

Katika uchaguzi wa urais wa mwaka huohuo, watatu wa juu wote walikuwa wanawake, na Halla Tómasdóttir ndiye aliyeshinda. Moja ya hoja kubwa za kampeni ilikuwa kama Katrín Jakobsdóttir, aliyekuja wa pili, alifanya vyema kuacha uwaziri mkuu ili agombee urais.