Posho ya watoto imezidi, nami niko Tukuyu

SWALI: Mzee wa Hesabu, shikamoo. Tunaishi Leicester, Uingereza. Julai 2025 nilikuja Tukuyu na wanangu wawili kumuuguza mama, kapata kiharusi. Mume alibaki kazini. Posho ya watoto ya serikali ya kule iliendelea kuingia kwenye akaunti yangu wiki 30. Nikanunulia dawa, na mbolea kidogo. Sasa mume kanitumia picha ya barua: wametuachia wiki 8, zilizobaki turudishe, pauni 952.60. Mjomba anasema ninyamaze, mkono wao haufiki Rungwe. Ndaga fijo.
— Mama wa Wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Mjomba wako simjui, ila mwaka 1994 nami nilikuwa na akili hiyohiyo. Ofisi niliyokuwa naifanyia kazi ilinilipa mshahara mara mbili, nami, mhasibu mzima, nikanyamaza na kuezeka jiko langu hapa Uyole. Walipogundua wakanikata miezi sita. Mpaka leo mke wangu anayaita "mabati ya mkopo". Mumeo analipwa mshahara kulekule, nawe utarudi. Mkono utafika tu.

Lakini usilipe kabla ya kuhesabu. Anayetoka Uingereza kwa muda, yaani bila kutarajia kuzidisha wiki 52, huendelea kulipwa wiki 8. Safari ikiwa ya matibabu ya ndugu wa karibu, mzazi akiwemo, zinakuwa 12. Nadhani walioandika barua hawakujua habari za mama. Kwa mwaka wa fedha 2025/26 mtoto wa kwanza ni pauni 26.05 kwa wiki na wa pili 17.25, jumla 43.30. Wiki 4 zaidi ni pauni 173.20, deni linashuka hadi 779.40. Kwa bei ya mbolea ya siku hizi, hiyo si ya kuachia.

Kwa hiyo omba uamuzi uangaliwe upya, ndani ya mwezi mmoja tangu tarehe iliyo kwenye barua, si tangu siku ulipoiona kwenye simu. Ambatisha karatasi za hospitali za mama zenye tarehe, na tiketi ya kurudi kama ulikata. Posho iko kwa jina lako, basi sahihi iwe yako, mume asikusainie.

Hukuniambia kama mliwahi kuwaarifu kwamba umeondoka. Kama mliwaarifu nao wakaendelea kulipa, liandike hilo mstari wa kwanza, maana kosa likiwa lao deni lenyewe linaweza kufutwa. Kama hamkuwaarifu, kiri, eleza hali ya mama, na uombe kulipa kidogokidogo kwa kiasi ambacho mshahara wa mumeo unakimudu. Huwa wanakubali mipango hiyo.

Na mkirudi Leicester, uombe posho upya. Haijirudii yenyewe.