Nyumba yenye muonekano wa kiwanda: usikimbilie nyundo kama mimi

Mama alipoingia sebuleni kwangu mara ya kwanza baada ya mimi kumaliza kuipamba, alisimama mlangoni, akaangalia ukuta, akaangalia dari, halafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, fundi anarudi lini?"

Iliniuma lakini alikuwa na haki. Nilikuwa nimejaza picha za nyumba za staili ya kiwandani kwenye simu, zile za tofali wazi, mabomba meusi, balbu zinaning'inia na waya, meza ya mbao nzito miguu ya chuma, basi Jumamosi moja nikachukua nyundo na patasi nikaanza kubandua plasta bila kuuliza mtu. Kumbe sio kila tofali limejengwa lionekane! Fundi akishajua kuna plasta inakuja hahangaiki na urembo, anapanga tu ukuta usimame, kwahiyo mi nikakuta udongo umefurika kwenye viungio, na pale juu ya mlango kumezibwa na vipande vya tofali na saruji kama kiraka cha suruali. Na vumbi lile, aisee, siku ya tatu bado nalikuta ndani ya sufuria zilizofunikwa.

Kama unataka tofali wazi, bandua kwanza kipande cha ukubwa wa daftari, mahali ambapo kabati litapaficha mambo yakienda kombo, halafu kingine upande wa pili wa ukuta. Ukiona tofali limenyooka endelea, ukiona balaa rudishia plasta na utafute ukuta mwingine. Na ujue kwanza nyaya na mabomba yanapita wapi humo ndani, hilo halina mjadala.

Kosa la pili ndo lililonila muda zaidi. Ukuta ulikuwa bado una unyevu, mi nikaupiga vanishi ya kung'aa ili vumbi lisimwagike, nikajiona mjanja. Baada ya wiki kadhaa ukatoka unga mweupe, na vanishi ikaanza kubanduka kama ngozi iliyoungua jua. Ule unga ni chumvi kweli, ipo ndani ya tofali na saruji, maji yanaiyeyusha na yakifika usoni mwa ukuta yanakauka yanaiacha hapo, sasa ukiziba kwa vanishi inasukuma kwa ndani mpaka inabandua. Nikakwangua ukuta mzima kwa mkono. Dawa yake ni kujua kwanza unyevu unatoka wapi na kuuzuia, acha ukuta ukauke, piga brashi kavu (ukiosha na maji unairudisha chumvi ndani), halafu ndo upake dawa ya ukuta isiyong'aa inayoruhusu ukuta kupumua.

Nilikuja kuielewa hii staili niliposoma ilikotoka. Pale mtaa wa SoHo, New York, viwanda vilipohama, wasanii wakaingia kwenye zile ghorofa tupu miaka ya 1950 na 1960 kwa sababu kodi ilikuwa chini na nafasi kubwa, tena kuishi humo hakukuwa halali, wasanii waliruhusiwa rasmi mwaka 1971. Hakuna aliyetoboa ukuta aonekane wa kisasa. Madirisha yalikuwa makubwa kwa sababu wafanyakazi walihitaji mwanga, mabomba yalikuwa nje kwa sababu kiwandani nani ana muda wa kuficha bomba. Hata lile jengo la sanaa la Pompidou kule Paris, la 1977, mabomba yake ya nje yana kazi na kila rangi ina maana yake, buluu ya hewa, kijani ya maji, njano ya umeme.

Ndo maana siku hizi nina ugomvi na mabomba ya uongo, yaani mtu ananunua bomba jipya, analipaka rangi ya kutu, analifunga ukutani halipitishi hata tone! Angalia kwanza nyumba yako ina nini tayari. Labda sakafu ya saruji iko chini ya zulia, labda kuna boriti, labda grili ya dirisha ukiipiga msasa na rangi nyeusi isiyong'aa inatosha. Mbao za paleti (yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo) pia nzuri kwa meza ila soma muhuri wake, HT maana yake ilitibiwa kwa joto, hiyo chukua, MB ilipigwa dawa ya sumu ya methili bromaidi, hiyo achana nayo kabisa.

Taa, haraka haraka: zile balbu za kizamani zenye nyuzi zinaonekana tamu ila za wati 40 zinatoa joto kuliko mwanga, mi nilining'iniza tatu juu ya meza tukawa tunakula huku tunatokwa jasho. Chukua za LED zenye umbo hilohilo, kwenye boksi tafuta 2700K, huo ndo ule mwanga wa manjano.

Kitu ambacho picha haziwezi kukuonyesha ni sauti. Saruji, tofali, chuma, kioo, vyote hivyo vinarudisha sauti, kijiko kikidondoka jikoni unaruka chumbani, na kila nikipiga simu mtu ananiuliza, "Mbona uko bafuni?" Nilihangaika mwezi mzima nikidhani ni simu mbovu. Nikaja kutandika zulia zito, nikaweka mapazia yanayofika chini na kochi la kitambaa badala ya lile benchi la chuma nililokuwa najivunia. Benchi liko varandani sasa, paka ndo anakalia.